Radi na Stendi ya Karatasi

Siku za kazi aliitwa Mwalimu, kwa sababu alifundisha watu udereva. Nyumbani aliitwa Baba. Lakini Jumamosi, akishavaa fulana yake nyeusi na kujikuna ndevu mbele ya kioo, aliitwa Radi, na hilo ndilo jina alilolipenda kuliko yote.

Radi alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Chuma. Waliianzisha wakiwa vijana wenye nywele nyingi na akili chache, na sasa mambo yalikuwa yamebadilishana. Mahasidi waliiita bendi Kutu. Hata marafiki waliiita Kutu, ila wao walishusha sauti kwanza. Mpiga gita alikuwa fundi wa majokofu, na kila mtu alimwita Fundi. Mpiga ngoma alikuwa mama mmoja muuguzi wa wodi ya mifupa, ambaye alisema anapiga ngoma Jumamosi ili asije akampiga mgonjwa Jumatatu. Gita la besi lilipigwa na bwana waliyemwita Mkimya, mtu wa kusema mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo ni kuomba kupishwa mlangoni.

Sasa, Radi alikuwa na imani yake moja, na aliishika kama mtu anavyoshika usukani kwa mara ya kwanza, kwa mikono miwili. Imani hiyo ni kwamba mwimbaji wa roki hasomi. "Roki inatoka tumboni," alikuwa akisema, huku akilipiga tumbo lenyewe, ambalo kila mwaka lilikuwa na nafasi zaidi ya kuhifadhi nyimbo. "Ukiona mtu ameweka stendi na karatasi jukwaani, huyo amepotea njia. Alikuwa anakwenda kwenye kwaya."

Na hakuishia kusema. Zamani, katika onyesho moja walilopiga pamoja na bendi nyingine, mwimbaji wa upande wa pili alitoka na stendi ya nota, akaisimamisha mbele yake, akapanga karatasi. Radi, akiwa pembeni ya jukwaa na maiki mkononi, hakujizuia. "Ndugu," alipaza sauti, "stendi ni ya mabasi!"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Yule bwana aliimba wimbo mmoja, akaikunja stendi yake, mguu mmoja baada ya mwingine, akaiweka kando. Radi aliisimulia hadithi hiyo kwa miaka mingi. Kila mwaka stendi ilizidi kuwa ndefu, na yule bwana alizidi kuwa mfupi.

Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Radi alipopita miaka hamsini na tatu, kichwa chake kilianza kumfanyia mzaha. Kwanza kilisahau majina ya wanafunzi, akaanza kuwaita wote "dereva wangu." Kisha kikasahau alikoweka funguo za gari la mafunzo, ambazo zilikuwa mfukoni. Mambo hayo hayakumtisha. Kila mtu husahau funguo. Maneno ya nyimbo yalikuwa tumboni, na tumbo halisahau.

Siku ya siku ikafika. Chuma ilialikwa kupiga katika ukumbi wa chuo cha ufundi, Jumamosi saa kumi alasiri, mbele ya vijana ambao wengi walizaliwa bendi ikiwa tayari imechoka. Wimbo wa tatu ulikuwa "Barabara ya Moto," wimbo ambao Radi aliutunga mwenyewe na kuuimba zaidi ya mara mia tatu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kiitikio kikaenda vizuri. Fundi akapiga kipande chake cha gita, akatikisa kichwa kwa tahadhari kwa sababu ya shingo yake inayouma, kisha akamwachia Radi nafasi ya ubeti wa pili.

Radi akafungua mdomo. Akalitafuta neno la kwanza. Halikuwepo.

Sasa maneno ya wimbo ni kama mbuzi wanaofuatana. Wa kwanza akipotea, wote waliobaki husimama wakikutazama. Radi alifanya kile ambacho waimbaji wote hufanya wakikwama: aliinua maiki, akaielekeza kwa watazamaji, kana kwamba anawapa heshima ya kuimba. Vijana walimtazama. Naye akawatazama. Hawakuujua wimbo, wala hawakuwa na sababu ya kuujua. Muuguzi aliendelea kupiga ngoma, na kila pigo lilikuwa kama mtu anayegonga mlango wa choo akiuliza utatoka lini.

Hapo mdomo wa Radi, ulipoona kichwa kimeukimbia, ukaamua kujitegemea. Ulisema kile ulichozoea kusema kwa saa nane kila siku, kwa miaka ishirini na miwili.

"Tazama kioo!" Radi alinguruma. "Washa taa ya kulia! Achia klachi, taratibu! Taratibu, nimesema! Unanizimia gari!"

Ukumbi ulilipuka. Vijana waliruka juu, ngumi hewani. "Achia klachi!" waliitikia. "Taratibu!" Walidhani ndivyo wimbo ulivyo, na kwa kweli ulikuwa umefanana na roki kuliko ubeti wenyewe. Radi akawaambia wakanyage breki, wakakanyaga.

Baada ya onyesho, katika chumba cha kuhifadhia viti, Muuguzi alikaa juu ya sanduku la ngoma akicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Kaka yangu," alisema, "ule ubeti mpya umeutunga lini?"

"Nilikuwa najaribu kitu," Radi alijibu, akijifanya anazungusha waya.

"Hicho kitu kina leseni?"

Fundi naye alianza kucheka, akaacha kwa sababu ya shingo. Mabega ya Mkimya yalitikisika.

Radi alicheka pamoja nao. Njiani kuelekea nyumbani hakucheka. Alijaribu kuukumbuka ule ubeti wa pili, na ulimjia wote, neno kwa neno, alipokuwa anafungua geti. Ukamjia kama mgeni aliyechelewa harusi na kuuliza kama chakula kimebaki.

Hakumwambia mkewe. Mkewe alikuwa karani wa masjala ya mahakama, mwanamke mwenye maneno machache na faili nyingi, na alikuwa na kawaida ya kuuliza swali moja tu, ambalo ndilo usilolitaka. Radi aliamua kuitatua shida hiyo kiume, yaani kwa siri na vibaya.

Onyesho lililofuata aliandika maneno kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Kufika wimbo wa pili, jasho lilikuwa limeyageuza kuwa doa moja la bluu, na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kujifuta uso, alimaliza onyesho akiwa na paji la uso la bluu pia. Lililofuata alibandika karatasi sakafuni kwa utepe wa gundi. Tatizo ni kwamba macho yake hayakuweza kusoma kitu kilichopo mbali kiasi hicho, na ikambidi aimbe akiwa ameinama. Watazamaji walidhani ni hisia kali. Mgongo wake ulijua ukweli. Mwisho alimwomba Fundi amruhusu ambandike karatasi mgongoni, na Fundi, kwa kuwa ni mtu mwema, akakubali. Lakini Fundi akipiga gita huzunguka, na Radi alionekana akimfuata jukwaa zima, akimshika mabega na kumgeuza, kama mtu anayetafuta bei kwenye shati dukani.

Jumatano moja baada ya kazi, Fundi alimwita karakanani kwake. Ilikuwa karakana nyembamba, majokofu yasiyo na milango upande huu, milango isiyo na majokofu upande ule. Muuguzi alikuwa ameshafika, bado na sare yake ya kazi, amekaa kwenye kopo la rangi.

"Nimekutengenezea kitu," Fundi alisema. "Usikasirike."

Akaondoa kitambaa. Chini yake kulikuwa na rafu ya waya ya jokofu, imelazwa kwa mshazari na kuchomelewa juu ya mguu wa feni ya kusimama. Kwenye ukingo wa chini aliweka kipande cha bati ili karatasi zisidondoke. Alikuwa ameipaka rangi nyeusi, na hata akachora radi ndogo ya njano pembeni.

Radi aliizunguka mara mbili. "Hii ni stendi," alisema.

"Ni rafu ya jokofu."

"Imesimama kwa mguu mmoja."

"Basi ni rafu inayosimama."

"Mimi," Radi alisema, akijinyoosha, "sijawahi kuimba mbele ya—"

"Stendi ni ya mabasi, tunajua," Muuguzi alimkata. "Tumeusikia huo msemo miaka ishirini. Sikiliza, kaka. Wodini kwetu mgonjwa akikataa magongo hatubishani naye. Tunamwacha atembee hatua mbili peke yake. Halafu tunamletea magongo, naye anayapokea bila kelele. Wewe umeshatembea zile hatua mbili. Umetembea na za kuongeza, mgongoni kwa Fundi."

Kilichomjia Radi kichwani ni yule bwana wa zamani, na jinsi alivyoikunja stendi yake, mguu mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akiangalia chini. Katika miaka yote ya kuisimulia hadithi ile, sehemu hiyo hakuwahi kuisimulia. Watu walikuwa wameshacheka tayari, haikuhitajika.

"Imepakwa rangi vizuri," alisema hatimaye, na wenzake wakajua kwamba amekubali.

Ikabaki kazi moja. Nyimbo za Chuma, alivyojua Radi, hazikuwa zimeandikwa popote. Zote zilikuwa tumboni, na tumbo ndilo hilo lililokuwa limeanza kuvuja. Ikabidi Radi aende kwa mkewe, pale mezani alipokuwa anakagua daftari zake baada ya kazi, akamweleza mambo yote kuanzia klachi.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unataka nikuchapie maneno," alisema.

"Kama hutojali, Mama."

"Nyimbo ngapi?"

"Kumi na tatu."

Walifanya kazi hiyo kwa jioni nne. Radi alitembea chumbani akiimba kwa sauti ya chini, na mkewe alichapa kwenye kompyuta ndogo bila kumtazama, mara kwa mara akisimama kuuliza, "Hapa ni 'nitakwenda' au 'ninakwenda'?" Radi hakuwahi kuulizwa swali kama hilo na mtu yeyote. Karatasi zilipotoka zilikuwa safi kama hati ya hukumu: herufi kubwa, beti zenye namba, na chini ya kila moja "Ukurasa wa 1 kati ya 2." Kilichokosekana ni muhuri tu.

Lakini nyimbo zilikuwa kumi na mbili. Uliokosekana ulikuwa "Njoo na Kishindo," wimbo ambao Chuma walifungia kila onyesho, na ambao maneno yake aliyaandika mkewe mwenyewe, enzi hizo akiwa mchumba.

"Na ule wako?" Radi aliuliza.

"Huo tutauandika baadaye," alisema mkewe, akafunga kompyuta.

Stendi ilitumika mara ya kwanza kwenye ukumbi wa chama cha madereva wa malori. Radi alivaa miwani ya kusomea, yenye kamba ya shingoni, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona kwenye roki. Akasimama nyuma ya ile rafu, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, akaanza. Na hakukosea hata neno. Hakukosea kwa sababu hakuinua macho. Alisimama wima kama msoma taarifa ya habari, na alisoma kila kilichokuwa kwenye karatasi, kila kitu, kwa uaminifu mkubwa. Kiitikio cha wimbo wa pili kilipokwisha, aliinua ngumi na kunguruma kwa sauti ya kutoa roho:

"Rudia mara mbiliii!"

Madereva wa malori, watu wanaofuata maelekezo, wakarudia mara mbili.

Muuguzi alidondosha kijiti kimoja. Wiki nzima baada ya hapo alikuwa akimpigia Radi simu, akisema "Rudia mara mbili" na kukata. Hata hivyo ilikuwa hatua. Taratibu Radi alijifunza kutazama karatasi kama dereva anavyotazama kioo: mara moja, haraka, kisha macho mbele. Kitu alichokuwa amewafundisha watu wengine miaka yote hiyo.

Kisha wakapata mwaliko mkubwa kidogo. Kikosi cha zimamoto kilikuwa kinafungua jengo jipya, na Chuma wakaombwa wapige uani, kati ya magari mekundu, Jumamosi saa tisa alasiri. Siku mbili kabla, Radi alikaa mbele ya mkewe.

"Mama, uniandikie ule wako. Nikiukosea huo mbele ya watu, sitajisamehe."

Mkewe aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi moja, iliyogeuka rangi kama meno ya mzee. Hakumpa. Alikaa, akaanza kuchapa akiifuata kwa kidole. Radi alisimama nyuma yake. Ubeti wa kwanza aliujua:

*Njoo na kishindo chako,*
*mlango nimefungua;*
*majirani roho zao*
*ziache zikiugua.*

Wa pili aliujua. Hapo alitegemea mkewe aandike kwamba ubeti wa kwanza unarudiwa, kwa sababu ndivyo alivyouimba kwa miaka ishirini na sita: wa kwanza, wa pili, wa kwanza tena. Badala yake mkewe aliigeuza ile karatasi upande wa pili, akaendelea kuchapa.

"Hiyo ni nini?" Radi aliuliza.

"Ubeti wa tatu."

"Kuna ubeti wa tatu?"

"Upo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipouandika," mkewe alisema, na mikono yake ikaacha kuchapa. Alikuwa bado ameutazama ukuta. "Nilikupa karatasi, ukakariri, ukanirudishia, ukasema utauimba Jumamosi. Nikaja. Nikasimama nyuma ya ukumbi. Uliimba wa kwanza, ukaimba wa pili, halafu ukarudi kwenye wa kwanza. Nikasema moyoni, basi, wa tatu haukumpendeza. Sikutaka kuuliza. Mtu ukiuliza kitu kama hicho unaonekana unaomba."

Ghafla Radi aliona kitu ambacho alikuwa amekiona kila Jumamosi bila kukiona. Kila "Njoo na Kishindo" ulipoanza, mkewe alichukua mkoba wake na kutoka nje. Yeye alidhani ni aibu. Alikuwa hata akiwaeleza watu kwa fahari: mke wangu ana aibu, ule wimbo ni wake.

"Mama," alisema, "mimi sikuukataa."

"Uliuacha."

"Sikuuona. Uko nyuma ya karatasi. Sikuigeuza."

Mkewe aligeuka na kiti chake polepole. "Hukuigeuza."

"Nani anaandika wimbo nyuma na mbele?"

"Mtu anayetumia karatasi ya ofisi!" mkewe alisema. "Na pale chini niliandika. Soma hapa. Nimeandika nini hapa?"

Radi alivaa miwani. Kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo za karani aliyekuwa ameajiriwa juzi, paliandikwa: *Tafadhali geuza.*

Kisha mkewe akaanza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, akalaza kichwa juu ya meza, mabega yakitikisika, mpaka Radi hakujua tena kama ni kicheko au ni kitu kingine, akamwekea mkono mgongoni. Vilikuwa vyote viwili. "Miaka ishirini na sita," alisema mkewe chini kwa chini, akijifuta macho. "Miaka ishirini na sita nimesimama nje na mkoba kwa sababu mtu hakugeuza karatasi."

Radi aliusoma ule ubeti akiwa amesimama. Aliusoma tena. "Hapa umesema hukupenda kelele," alisema.

"Nani anapenda kelele?" mkewe alijibu, akavuta kompyuta amalizie kazi.

Siku ya zimamoto kulikuwa na upepo. Radi alibana karatasi kwenye rafu kwa vibanio vya nguo, sita, vya rangi mbalimbali. Watu walikuwa wengi: familia za wazimamoto, watoto waliokalia matairi ya magari, wazee waliotafuta kivuli. Alipovaa miwani yake yenye kamba, mtu mmoja kutoka nyuma alipaza sauti, "Mzee, hotuba iwe fupi!"

Watu wakacheka. Radi akaishusha miwani mpaka nchani mwa pua, akamtafuta. "Kijana," alisema kwenye maiki, "kaa chini. Ina kurasa ishirini na nne."

Wakacheka zaidi, na kicheko hicho kilikuwa upande wake. Onyesho likaenda. Kwenye "Barabara ya Moto" watu waliopata habari za chuo cha ufundi walidai klachi, akawapa klachi. Hatimaye ukabaki ule wa kufungia. Radi hakuwa amewaambia wenzake, wala mkewe, kama ataimba ubeti wa tatu. Hakujiamini. Fundi akapiga sauti za kwanza, na Radi akageuza karatasi.

Miwani ya kusomea ina tabia moja: hukuonyesha karatasi vizuri na kukuficha dunia. Kila kitu kilichokuwa mbele ya stendi kilikuwa ukungu wenye rangi. Wekundu ule ni magari. Na ile kijani kando ya gari la ngazi ni mkewe, aliyevaa gauni lake la kijani. Wimbo ulipoanza, aliiona ile kijani ikiinama, ikaokota kitu, ambacho bila shaka ni mkoba, na kuanza kusogea kuelekea getini. Miguu ilikuwa imezoea, kama mdomo wake ulivyozoea klachi.

Akaimba ubeti wa kwanza. Kijani ikasogea. Akaimba wa pili. Kijani ilikuwa imefika karibu na geti. Fundi akamwachia nafasi ya kuurudia ule wa kwanza, kama ilivyokuwa kila Jumamosi tangu wakiwa na nywele.

*Siku sauti ikifa,* Radi aliimba.

Fundi akakosea uzi. Mkimya, ambaye hakuwahi kuinua kichwa jukwaani, akainua kichwa. Na ile kijani, pale getini, ikasimama.

Radi alipoona imesimama, alipoteza mstari. Hapakuwa na mdomo wa kujitegemea safari hii. Akaweka kidole juu ya karatasi, mbele ya watu mia tatu, akakitembeza chini kama mtoto wa darasa la kwanza, na Muuguzi akapunguza ngoma ikawa kama mtu anayesubiri kwa heshima. Kidole kikapata mahali pake.

*njoo hivyo, nakujua;*
*sikuzipenda kelele,*
*wewe nilikuchagua.*

Aliisoma mistari hiyo zaidi ya kuiimba. Kisha akavua miwani ili aone vizuri, na kwa mbali, getini, akamwona mkewe ameweka mkoba chini, kati ya miguu yake, mikono ameikunja, kichwa ameinamisha kidogo upande mmoja, kama anavyofanya akikagua kazi ya karani mdogo.

Wakati wa kufunga vyombo mkewe alimjia.

"Umesoma 'nilikuchagua' kama tangazo la zabuni," mkewe alisema.

"Lakini nimesoma."

"Umesoma," alikubali, akaanza kumkusanyia vibanio vya nguo, kwa sababu vilikuwa vyake na alikuwa amevitafuta tangu asubuhi.

Mambo yakageuka kidogo Chuma baada ya hapo. Wiki ile ile Muuguzi aliomba naye awe na karatasi, akisema amechoka kuhesabu kichwani. Kisha Mkimya, akitumia nafasi yake ya pili ya mwaka, alimwuliza Fundi kama imebaki rafu nyingine. Ikagundulika kwamba kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kujua wimbo upi unafuata upi. Alikuwa akiangalia kiatu cha Fundi. Sasa jukwaa la Chuma lina rafu tatu za jokofu, na ukilitazama kutoka mbali unaweza kudhani ni duka la vyombo lililokumbwa na matatizo. Watu huwatania sana. Radi huwajibu kwamba ng'ombe hazeeki maini, kisha hushusha macho kuangalia ni ubeti gani unafuata.

Jumapili moja mkewe aliweka faili mezani, mbele ya kikombe cha mumewe. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na moja.

"Hizi ni nini?" Radi aliuliza.

"Nyimbo. Niliziandika ukiwa mazoezini. Si ulikuwa unachelewa."

Alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akirudi nyuma pale alipokuwa hajaelewa. Nje jirani alikuwa anaosha gari. Mkewe alikuwa anamenya chungwa, akijifanya hamtazami.

"Hii haiwezi kupigwa kwa haraka," Radi alisema.

"Haiwezi."

"Chuma hatupigi polepole, Mama."

"Mtajifunza," alisema mkewe, akamkabidhi kipande cha chungwa.

Radi alikitafuna, akatafakari, akachukua simu na kumpigia Fundi, kumwuliza kama anaona wanaweza kupiga wimbo mmoja, mmoja tu, wa polepole. Fundi akamwuliza kama ana homa.